Kupima kina cha hori kwa bildi, kwa njia ya mabaharia wa Leven na Barracouta

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kupima ardhi: kupanda bikoni, kuvuta mnyororo, kusoma pembe kwa theodolaiti katika mashamba ya Kwale na Kilifi. Baada ya kustaafu nimehamia majini. Vijana wa mtaani kwetu Mombasa wakitaka kujua kina cha bahari hupimwaje bila mashine, nawafundisha njia iliyotumiwa na meli mbili za kivita za Uingereza, HMS Leven na HMS Barracouta, zilizopima pwani hii kati ya 1822 na 1826. Njia hiyo ingali inafanya kazi. Inataka bildi, yaani kamba yenye kipande kizito cha chuma mwishoni, mti uliochorwa namba, kipimapembe, saa, na watu watano wanaosikilizana.

Kabla hujagusa kamba, elewa hili, kwa maana kazi yote iliyobaki inalitumikia. Kina peke yake hakimfai mtu. Ukiniambia "hapa pana pima tano", yaani kama mita 9, nitakuuliza: hapa ni wapi, na ilikuwa saa ngapi? Katika pwani yetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka karibu mita 4. Mahali palipokupa pima tano asubuhi patakupa chini ya tatu alasiri, na wewe hujasogea hata hatua. Kwa hiyo kila unapotupa bildi unaandika mambo matatu: kina, mahali, saa. Likikosekana moja, futa mstari huo daftarini.

Waliofanya kazi hii kabla yetu

Mkuu wa safari alikuwa Kapteni William Fitzwilliam Owen, ofisa wa jeshi la majini aliyekwisha kupima Maziwa Makuu ya Kanada. Aliondoka Uingereza mwanzoni mwa 1822 akiwa na amri ya kuchora pwani ya mashariki ya Afrika, ambayo chati zake za wakati ule zilikuwa chache na zenye makosa mengi. Leven ilikuwa ndiyo meli kubwa. Barracouta ilikuwa ndogo, ya aina moja na Beagle, ile iliyombeba Charles Darwin miaka michache baadaye. Beagle inajulikana dunia nzima. Barracouta, iliyopita mbele ya milango yetu, hata shuleni haitajwi, na jambo hilo linaniuma.

Walibeba kronomita, saa sahihi za kutafutia longitudo, sekstanti za kupimia pembe, na mtaalamu wa mimea aliyeitwa John Forbes, aliyetumwa na chama cha kilimo cha bustani cha London kukusanya mimea. Forbes alifariki Sena, kwenye mto Zambezi, mwaka 1823. Hakuwa peke yake. Homa ilianza kuwaangusha Delagoa Bay, mahali palipo Maputo leo, na safari ilipokwisha zaidi ya nusu ya watu walioanza nayo walikuwa wamekufa kwa magonjwa. Wakati huo iliaminiwa kwamba homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Madaktari waliwatoa wagonjwa damu, na mgonjwa aliyekwisha kudhoofika akadhoofika zaidi. Kwamba malaria inaenezwa na mbu lilikuja kuthibitishwa mwishoni mwa karne hiyo. Na kazi ya bildi ndiyo iliyowaweka karibu na mbu: mashua ndogo, midomo ya mito, mikoko, jioni, usiku.

Februari 1824 Owen aliingia Mombasa. Mji ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Wamazrui, nao walikuwa wakibanwa na majeshi ya Seyyid Said, mtawala wa Omani. Wakamwomba ulinzi wa Uingereza. Owen aliichukia biashara ya watumwa, akaona hapa pana nafasi ya kuipiga vita, akakubali bila kungoja amri kutoka London. Akamwacha luteni wake, John James Reitz, awe msimamizi. Mei mwaka huohuo Reitz akafa kwa homa. Serikali ya Uingereza ilikataa mpango huo, na 1826 bendera yake ikateremshwa. Ukishuka matatu Port Reitz, au ukipeleka mgonjwa hospitali ya Port Reitz, jina unalolitaja ni la kijana huyo.

Owen alirudi kwao na chati mpya zipatazo 300. Sisemi kwamba zilichorwa kwa ajili yetu. Zilichorwa kwa ajili ya meli za Kiingereza, na waliokuja baadaye kututawala walizitumia. Hata hivyo kila namba iliyomo ni mkono wa baharia fulani aliyetupa kamba majini, akaita kina kwa sauti, akavuta, akatupa tena. Kazi ya namna hiyo naiheshimu, na ninataka vijana wetu waijue kwa mikono yao.

Kutengeneza bildi

Bildi ya mkono ya jeshi la majini ilikuwa ya risasi, yale madini mazito na laini, yenye uzito wa ratili 7 hadi 14, yaani kilo 3 hadi 6 na kidogo. Ya maji makuu ilianza ratili 28. Kwa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kilo 3 zinatosha kabisa. Usiyeyushe risasi nyumbani: moshi wake ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea umwombe kipande cha chuma cha duara, kirefu kama kiganja na vidole, achomelee pete upande wa juu. Upande wa chini achomelee kipande kifupi cha bomba ili pawe na kikombe cha kina cha nusu kidole.

Kikombe hicho usikidharau. Mabaharia walikijaza shahamu. Bildi ikigusa chini, shahamu inanasa kilichopo: mchanga, tope, vipande vya kome, au inarudi safi ikiwa na alama ya jiwe. Ndiyo maana chati za zamani zina herufi ndogo kando ya namba zinazosema chini ni nini. Nahodha anayetafuta pa kutia nanga anahitaji habari hiyo kama anavyohitaji kina, kwa sababu nanga inashika topeni na kuteleza juu ya mwamba. Mimi natumia sabuni ya kipande iliyolainishwa kwa mafuta kidogo ya kupikia. Inanasa vizuri na haichafui maji.

Sasa kamba. Nunua pima 20 na ziada ya pima mbili, unene wa kidole kidogo, ya poliesta iliyosukwa. Nailoni inavutika, na kamba ya pamba inafupika ikilowa. Uliyonunua, hata akikuapia muuza duka kwamba haivutiki, iloweke usiku kucha. Asubuhi ifunge kwenye mti, uning'inize ile bildi upande wa pili au uivute kwa nguvu ya mtu mmoja, na uipime ikiwa bado maji. Mabaharia walifanya hivyo, na wapima ardhi tulifanya hivyo kwa tepu zetu. Pima moja ni futi 6, yaani mita 1.83. Ningeweza kukwambia uweke alama kwa mita, lakini chati za Owen zina pima, na mwishoni tutataka kulinganisha.

Alama za jeshi la majini zilipangwa kwa akili sana, nami sijaona sababu ya kuzibadili. Pima mbili: vipande viwili vya ngozi. Tatu: vipande vitatu vya ngozi. Tano: kitambaa cheupe cha pamba. Saba: kitambaa chekundu cha sufu nyepesi, ile ya kushonea bendera za meli. Kumi: ngozi yenye tundu. Kumi na tatu: kitambaa kizito cha buluu. Kumi na tano ni nyeupe tena, kumi na saba nyekundu tena, na ishirini ni uzi wenye mafundo mawili. Kwa nyeupe tumia marekani, kwa buluu tumia kaniki. Nyekundu iwe kitambaa chenye mguso tofauti na marekani, kwa sababu alama hizi zilikusudiwa kusomwa gizani: vidole vikishakufa ganzi kwa maji, baharia aliweka kitambaa mdomoni akajua ni kipi. Shona alama kwa sindano zipenye katikati ya kamba. Ukizifunga tu zitateleza.

Utaona kwamba pima nne, sita, nane na tisa hazina alama. Mtupa bildi hukadiria kati ya alama mbili, na mkono ukizoea hakosei kwa zaidi ya robo. Kwa hori la maji machache mimi naongeza fundo dogo la uzi kila nusu pima hadi tano, maana huko ndiko tofauti ndogo inapoamua kama mashua inapita au inakwama.

Mwishoni mwa siku ipime kamba upya kwa tepu. Ikiwa imebadilika, andika imebadilika kwa kiasi gani, kisha sahihisha namba zako zote.

Mti wa maji

Chukua mti ulionyooka wa mita 4 hadi 5, uupake rangi nyeupe, uchore mistari kila sentimita 10, na mita nzima uziandike kwa namba kubwa. Usimike mahali ambapo hata maji yakipwa sana haukauki: nguzo ya gati ndogo inafaa, au jabali lenye ufa. Ufunge kwa waya usicheze.

Mtu mmoja anakaa hapo siku nzima. Kazi yake ni kusoma maji yamefika wapi kila baada ya dakika kumi na kuandika. Vijana hawaipendi nafasi hii kwa sababu haina chombo wala kamba, na wengi hudhani ni ya mtu mvivu. Mimi humpa yule makini kuliko wote. Akisinzia nusu saa, kina chote kilichopimwa katika nusu saa hiyo kimepotea.

Sifuri ya mti wako lazima iungwe na sifuri ya chati. Wapimaji wa zamani walishusha vina vyote hadi maji ya kupwa kwa bamvua, ili nahodha asome kina kidogo kabisa atakachokikuta. Siku hizi chati hutumia kiwango cha chini zaidi kinachoweza kuhesabiwa kutokana na mwezi na jua. Wewe pata jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini. Siku ya bamvua, maji yakisimama chini kabisa, soma mti. Tuseme mti unasema mita 0.8 na jedwali linasema 0.3. Basi mti wako unazidi kwa 0.5, na kila usomapo utaondoa hiyo nusu mita. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko bandarini, kwa hiyo usiifuate saa ya jedwali. Ngoja uyaone maji yenyewe yamesimama.

Kujua uko wapi

Hapa ndipo wengi hukimbilia simu. Sikatazi, ila simu ndani ya mashua, mikono imelowa, mara nyingi itakupa mahali kwa kosa la mita kadhaa bila kukwambia kwamba imekosa. Pembe unaziona mwenyewe.

Chagua alama tatu nchi kavu zinazoonekana kutoka kila sehemu ya hori: mnara wa msikiti, mnara wa simu, mbuyu uliosimama peke yake. Kwanza zichore alama hizo kwenye karatasi ya miraba kwa vipimo sahihi. Pima msingi ufuoni kwa tepu, mita 200 zilizonyooka zinatosha, kisha simama kila mwisho wa msingi usome pembe hadi kila alama. Chora msingi, chora pembe, na mistari ikikutana ndipo ilipo alama. Tumia sentimita 1 kwa mita 20.

Watu wa Owen mara nyingi hawakuwa na nafasi ya kuvuta mnyororo ufuoni. Katika upimaji wa namna ile umbali ulipatikana kwa mzinga: meli moja inafyatua, aliye mbali anaona moto, anahesabu sekunde hadi asikie mlio. Sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde, basi sekunde tano ni mita 1,700. Pwani ndefu waliipima huku meli ikitembea, wakikadiria mwendo na kusoma pembe za vilima na vichwa vya nchi wakipita. Longitudo ilitoka kwenye kronomita: dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, kwa hiyo kronomita ikipotoka sekunde nne tu, huku kwetu karibu na ikweta chati inahama maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Fikiria miezi ya joto, mtikisiko na chumvi, na saa hiyo isipotoke.

Ukiwa majini unasoma pembe mbili kwa pamoja: kati ya alama ya kushoto na ya katikati, na kati ya katikati na ya kulia. Sekstanti ikilazwa ubavu ndiyo bora, na za plastiki za kufundishia zinatosha. Kama hunayo, bandika kipimapembe kikubwa juu ya ubao, utie misumari ya kulengea na fito mbili zinazozunguka. Kosa la digrii moja ukiwa mita 500 kutoka kwenye alama ni karibu mita 9 upande. Kwa hori pana linavumilika, kwa mlango mwembamba kati ya miamba halivumiliki.

Kupata mahali kwenye karatasi: chora kwenye karatasi inayopitisha mwanga mistari mitatu inayotoka nukta moja, ikiwa na pembe zako mbili katikati. Iweke juu ya ramani, iteleze na uizungushe hadi kila mstari upite juu ya alama yake. Ile nukta ndipo ulipokuwa. Mabaharia walikuwa na chombo cha shaba chenye mikono mitatu kwa kazi hii, na karatasi inafanya vilevile.

Kuna mtego mmoja. Ikiwa wewe na alama zako tatu mko juu ya duara moja, karatasi itakubali kila mahali kwenye duara hilo, nawe hutajua. Chagua alama ambazo ile ya katikati iko karibu nawe kuliko zile mbili, au zote tatu ziko kwenye mstari ulionyooka. Ukizingatia hilo, mtego haukupati.

Siku yenyewe

Usiende Kilindini wala karibu na njia ya meli. Mimi huwapeleka Mtwapa, ndani ya hori, nyuma ya daraja. Waarifu wavuvi wa hapo na kamati yao ya ufuo, kila mtu avae jaketi la kuokolea, na umchukue nahodha wa hapohapo. Huyo msikilize. Anajua fungu la mchanga lilipo na mkondo unavuta wapi, na atakuonya mahali ambapo kamba yako ingekuchukua saa nzima kupagundua. Mwezi unaofaa ni ule ambao kusi imetulia au kaskazi haijashika, na asubuhi kabla upepo haujaamka.

Mashua inataka watu wanne: nahodha kwenye usukani, mtupa bildi, msoma pembe, na karani. Saa ya karani na saa ya mtu wa mti zilinganishwe kabla ya kutengana, sekunde kwa sekunde.

Chora kwenye karatasi mistari inayokata hori kutoka ukingo hadi ukingo, ikiwa imepishana mita 50. Unapita kila mstari polepole. Kukata hori kunafaa kuliko kulifuata kwa urefu, kwa sababu ukifuata urefu unaweza kupita siku nzima kando ya fungu usilione.

Mtupa bildi anasimama ubavuni, karibu na omo, yaani mbele ya chombo, upande wa joshi, upepo unakotoka, ili kamba isiingie chini ya chombo. Anarusha mbele. Mashua inapofika juu ya bildi, kamba inakuwa wima, anaivuta ikaze, anainua bildi kidogo na kuidondosha tena ahisi chini. Hapo anasoma alama iliyo usawa wa maji na kuita kwa sauti: "Tano kamili!" "Nne na robo!" Wakati uleule msoma pembe anaita pembe zake, na karani anaandika saa. Kamba ikiwa imelala mshazari, kina kinasomeka kikubwa kuliko kilivyo, na chati inayodanganya hivyo ndiyo inayozamisha watu. Irushe upya.

Kwenye tope laini bildi huzama kidogo kabla ya kusimama. Mkono uliozoea unahisi: kwenye mwamba inagonga, kwenye mchanga inakaa, kwenye tope inameza. Karani aandike kilichonata kwenye sabuni kila mara, kisha kikombe kipakwe upya.

Badilishaneni kazi kila mstari unapoisha. Kutupa kilo tatu na kuivuta, mara baada ya mara, kunachosha mabega kuliko mtu anavyodhani, na aliyechoka anaanza kukisia. Baharia wa Leven alifanya hivi juani siku nyingi mfululizo, wengine wakiwa tayari na homa mwilini. Jioni msikawie kwenye mikoko. Rudini, na atakayepata homa siku zinazofuata akapimwe malaria mara moja.

Hesabu

Hii ifanyike usiku uleule, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Tuseme saa nne na dakika ishirini asubuhi mtupa bildi aliita nne na robo. Zidisha 4.25 kwa 1.83, unapata mita 7.78. Daftari la mti linasema saa hiyohiyo maji yalikuwa mita 2.6. Ondoa 0.5 ya sifuri ya mti, inabaki 2.1. Sasa 7.78 ondoa 2.1 ni mita 5.68, ambayo ni pima tatu na sehemu moja ya kumi. Kwenye chati andika 3. Wapimaji hushusha kuelekea kina kidogo, hawapandishi, kwa kuwa nahodha akikuta maji mengi kuliko alivyoambiwa hadhuriki.

Tia kila namba mahali pake kwa penseli ngumu, kando yake herufi ya kilicho chini: m kwa mchanga, t kwa tope, w kwa mwamba. Baada ya hapo unganisha vina vinavyolingana kwa mstari laini, na kilindi cha hori kitajitokeza, kikipinda upande huu na ule. Sehemu hii ndiyo inayonipendeza kupita zote. Vijana walioshinda wakilalamika juu ya jua huinama juu ya karatasi wakinyamaza, kisha mmoja anaweka kidole na kusema, "Kumbe mto wa zamani ulipita hapa."

Kulinganisha na chati ya zamani

Chati za pwani yetu zilizotokana na upimaji wa Owen zimehifadhiwa katika nyaraka na maktaba za Uingereza, na nakala za baadhi yake zinaonekana kwenye intaneti. Unapoisoma moja, angalia kwanza kama vina ni vya pima au futi. Imeandikwa chini ya kichwa cha chati. Usitegemee longitudo iungane na ya simu yako. Linganisha kwa kutumia vitu visivyohama: kichwa cha nchi, mlango wa mwamba, ncha ya kisiwa. Wavuvi wanaotoka Unguja na Pemba wanalijua Leven Bank, fungu la kilindini kaskazini mwa Unguja lenye jina la meli hiyo. Mahali pa namna hiyo pa majini, bila nchi kavu ya kushikia, ndipo utakapoona ugumu wa kazi waliyokuwa nayo.

Ukikuta tofauti, usirukie kusema bahari imebadilika. Kwanza shuku kamba yako. Kisha sifuri ya mti. Kisha mahali. Vyote vikiwa salama, fikiria hori lenyewe: mvua za masika hushusha udongo kutoka mashambani, mikoko ikikatwa tope halishikwi tena, daraja likijengwa mkondo unageuka. Pia kumbuka kwamba mashua ya Owen haikupita kila mahali. Nafasi nyeupe kati ya namba mbili kwenye chati yake inamaanisha hapakutupwa bildi, na mwamba unaweza kukaa humo miaka 200 bila kuandikwa.

Tofauti ikizidi nusu pima katika mstari mzima, rudi siku nyingine ya bamvua, upime mstari uleule kwa kamba iliyopimwa upya, na nahodha auanze kutoka ukingo wa pili.